Nomino, Kitenzi na Sharti: Lugha ya Mpango wa Safari ya Wikendi Mlimani kutoka Dagoretti

Utangulizi

Mkazi wa Dagoretti huishi kati ya milima. Upande wa kusini-magharibi ipo Milima ya Ngong, ambayo huweza kupandwa na kuteremkwa kwa siku moja. Upande wa kaskazini-mashariki, katika asubuhi chache zisizo na mawingu, Mlima Kenya huonekana kwa mbali ukiwa na weupe kileleni. Si ajabu basi kwamba vijana wa Kawangware, Riruta na Dagoretti Corner, wakiisha kuizoea Ngong, huanza kupanga kwenda kuigusa theluji kwa siku mbili za mwisho wa juma.

Makala haya yanauchunguza mpango wa safari ya aina hiyo kama matini. Hoja kuu ni kwamba mpango hupimwa na mlima wenyewe, na kwamba kasoro nyingi ambazo hudhihirika mlimani huwa zimekwisha kuonekana katika lugha ya mpango. Mambo matatu yatajadiliwa: nomino zinazotaja hatari, kitenzi kinachopima mwendo, na sharti linaloongoza uamuzi.

Nomino: Baridi, Theluji na Barafu

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kwa mujibu wa maelezo yake, Bwana Kheri, aliyeuongoza msafara huo, aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kuamini kwamba kulikuwa na theluji karibu na ikweta. Kwa hiyo aliyeufahamu mlima aliutaja kwa hisia yake, na aliyekuwa na jina la kitu hakuamini kuwa kitu chenyewe kipo.

Jibu la Bwana Kheri halikuwa kosa. Neno baridi hutaja kile ambacho mwili huhisi, na kwa msafiri asiyekusudia kupanda hilo latosha. Kwa anayepanda halitoshi, kwa kuwa kila hali ya maji yaliyoganda ina hatari yake. Kiswahili cha leo kina maneno ya kutosha kuzitenganisha hali hizo. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, hutumika kwa chembe nyeupe zinazoanguka kutoka mawinguni. Huificha njia na kulowesha viatu. Barafu, neno lenye asili ya Kiajemi, hutumika kwa maji yaliyoganda yakawa magumu. Huiondoa miguu chini ya mtu. Sakitu, au jalidi, ni ule utando mweupe wa alfajiri unaoufanya mwamba uteleze kabla jua halijapanda. Barafuto ni mto wa barafu unaosogea taratibu bondeni, nao huweza kuwa na nyufa. Katika lugha yalikotoka, maneno theluji na barafu hayakutenganishwa kwa namna hiyo. Mgawanyo huu wa kazi ni mali ya Kiswahili chenyewe, na ni hasara kuuacha ukafifia.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni kuteleza. Katika matumizi ya kawaida, kuteleza ni ajali. Ndiyo maana wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mchezo wa skii umeligeuza neno hilo likawa jina la ustadi. Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamngoja penye utepe ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya kule Pyeongchang. Wote wawili waliupata ustadi wao ughaibuni. Barafuto ya Lewis, iliyo kubwa zaidi katika Mlima Kenya, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Kwa hiyo mpango wa wikendi unaotaja skii katika Mlima Kenya hutaja kitu ambacho mlima hauwezi tena kukitoa. Theluji huanguka bado huko juu, lakini yafaa iandikwe kama hali ya hewa ya kujikinga nayo.

Nomino huhitaji vipimo pia. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Utabiri wa Nairobi, hata hivyo, si utabiri wa mlima. Kwa kisio la jumla, joto hupungua kwa nyuzi 6.5 kila mtu apandapo mita 1,000. Kilele cha Lenana kina mita 4,985, yaani takribani mita 3,185 juu ya Dagoretti. Tofauti ya joto basi hukaribia nyuzi 21. Alfajiri ya Julai ambapo mkazi wa Riruta hulalamikia nyuzi 12, aliye Lenana huenda akawa katika nyuzi 8 au 9 chini ya sufuri, bila kuhesabu upepo. Neno baridi likiandikwa peke yake katika orodha ya vifaa, kila msafiri atalitafsiri kwa baridi anayoijua yeye.

Kitenzi: Kufika na Kulala

Tazama mfano ufuatao wa mpango uliobuniwa kwa ajili ya makala haya:

(1) Ijumaa jioni tutaondoka Dagoretti Corner. Jumamosi tutafika Mackinder's Camp. Jumapili alfajiri tutafika Lenana, na jioni tutafika nyumbani.

Kitenzi kufika kimerudiwa mara tatu. Kisarufi sentensi hizi hazina dosari, na kwa hesabu ya kilomita mpango waonekana kuwezekana: Nanyuki iko takribani kilomita 200 kutoka Nairobi, na Naro Moru iko karibu zaidi ya hapo. Lakini mwili wa binadamu hauhesabu kilomita. Mackinder's Camp iko kwenye mwinuko wa mita 4,200 hivi. Aliyelala Dagoretti Alhamisi na Naro Moru Ijumaa atakuwa amepandisha malazi yake kwa zaidi ya mita 2,000 kwa usiku mmoja. Karibu na mita 5,000, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho.

Ushauri wa kitabibu unaokubaliwa na wengi ni kwamba juu ya mita 3,000 malazi yasipandishwe kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kuwe na siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Ushauri huo hutumia kitenzi kulala. Mtu aweza kufika juu mchana akarudi kulala chini bila madhara makubwa; hatari kubwa hutokana na kulala juu kabla mwili haujazoea. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Ukipuuzwa, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Mgonjwa hukohoa na kutweta hata akiwa ameketi, huyumba kama mlevi, au huongea maneno yasiyoeleweka. Tiba ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata ikiwa ni usiku. Vijana wenye nguvu hawana kinga ya pekee. Mara nyingi wao ndio hupanda kwa kasi zaidi.

Mpango ule ukiandikwa upya kwa kitenzi kulala, huwa hivi:

(2) Ijumaa tutalala Naro Moru. Jumamosi tutalala Met Station, mita 3,050 hivi. Jumapili tutatembea juu ya kambi hadi saa tano asubuhi, kisha tutateremka na kulala nyumbani.

Mpango wa (2) hauigusi theluji. Huiona kwa mbali, kutoka ukingo wa msitu. Kwa wengi hilo litaonekana hasara, lakini ndilo jambo ambalo siku mbili zaweza kulipa kwa usalama wa kadiri. Anayetaka Lenana na atenge siku nne au tano, avizie likizo badala ya wikendi. Mwenye siku moja ana Milima ya Ngong, yenye mita 2,460, au Longonot, yenye mita 2,776. Wapagazi na waongozaji wa mlimani huwaambia wageni "pole pole" tangu langoni, nao wageni huyachukulia maneno hayo kama salamu. Ni maelekezo ya kitabibu yaliyofupishwa, na wahenga waliyatangulia waliposema mwenda pole hajikwai.

Sharti: -ki- na -sipo- kabla ya -ngali-

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba -ki- huonyesha sharti linaloweza kutimia, -sipo- hukanusha sharti hilo, na -ngali- huonyesha sharti ambalo wakati wake umepita. Katika safari ya mlimani tofauti hii ni ya uhai. Linganisha:

(3) Mmoja wetu akiumwa na kichwa na kutapika, Kiongozi ataamuru kuteremka, na watu wawili watamsindikiza.

(4) Tungaliteremka mapema, mwenzetu angalipona.

Sentensi ya (3) ni ya mpango. Sentensi ya (4) husemwa matangani. Jambo lisiloandikwa kwa -ki- kabla ya safari huweza kusimuliwa kwa -ngali- baada yake. Hapo ndipo majuto huwa mjukuu. Katika (3) mtenda ametajwa pia: Kiongozi. Kauli ya "itaamuliwa hukohuko" huficha mtenda, na penye uchovu na baridi kila mtu humngoja mwenzake aseme.

Masharti ya wakati huhitaji uangalifu wa namna yake. Katika Mlima Kenya mawingu hukusanyika mara nyingi kuanzia mchana, hivyo ni busara kuweka saa ya kugeuka. Tuseme kikundi kinaandika, "Tusipofika kambini kabla ya saa 8, tutageuka." Msemaji wa Kiswahili husoma saa nane mchana, aliyeizoea saa ya simu yake huenda akasoma saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Yafaa saa iandikwe kwa maneno pamoja na sehemu ya siku: saa nane mchana. Hali kadhalika, kipindi cha safari kitajwe kwa miezi badala ya kusema tu "wakati wa kiangazi". Mvua za masika huanguka kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari, na vilevile Julai hadi Septemba, kwa kawaida huwa na ukavu zaidi. Ada za kuingia katika mbuga hutozwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, nazo hubadilika, kwa hiyo kila bei iandikwe pamoja na tarehe iliyothibitishwa.

Historia ya mlima huu ina mfano unaofundisha. Mwezi Januari mwaka 1943, mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki ili waupande mlima. Walikuwa wamejiandaa kwa miezi mingi, wakijitengenezea vifaa vya barafu kwa vyuma walivyoviokota na kujiwekea akiba ya chakula kidogo kidogo. Barsotti aliugua, akabaki kambini mwao huko juu. Wenzake wawili walijaribu kukipanda kilele cha Batian, chenye mita 5,199, hali ya hewa ikawashinda, wakarudi nyuma. Baadaye walifika Lenana wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarejea Nanyuki na kujisalimisha. Ramani yao ilikuwa duni na chakula kikawapungukia, wala mwendo wao si wa kuigwa. Hata hivyo, watatu walitoka na watatu walirudi, kwa sababu walikubali kugeuka mlima ulipowakatalia.

Hitimisho

Mpango wa safari ni matini fupi ambayo haihitaji madoido. Yahitaji nomino inayotaja kitu badala ya hisia, kitenzi kinachopima mahali pa kulala, na sharti lenye mtenda na saa. Mwanafunzi wa Kiswahili katika kikundi cha wapandaji asiridhike na kuandika ukurasa ule kwa imla ya wenzake. Ana wajibu wa kuuliza: baridi ya nyuzi ngapi? Tutalala wapi? Nani ataamua? Maswali hayo huweza kuudhi pale Dagoretti Corner jioni ya Ijumaa, mikoba ikiwa imekwisha kupakiwa garini, lakini hapo ndipo kuyajibu kungali rahisi.

Maswali ya Kujadili

1. Tafuta katika lugha yako ya kwanza maneno yanayotaja umande, sakitu, theluji na mvua ya mawe. Je, mgawanyo wake wa maana unalingana na ule wa Kiswahili?

2. Andika upya mpango wa (1) kwa safari ya siku tano hadi Lenana, ukitumia kitenzi kulala na vipimo vya mwinuko kwa kila usiku.

3. Tunga masharti matano ya -ki- au -sipo- kwa safari ya Milima ya Ngong, na katika kila sharti umtaje mtenda.