Kadi Zako Zinafanana na za Nani? Somo la Kutafuta Staili Yako Kwenye Kazi za Karatasi

Somo la leo ni refu kidogo, lihifadhi ulisome ukiwa umetulia. Ni la sisi tunaotengeneza vitu vya karatasi kwa mkono na kuviuza mtandaoni: kadi, albamu za kumbukumbu, viboksi vya zawadi, bahasha za michango. Ila hata kama unauza keki au shanga, kuna kitu utaondoka nacho.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kwenye biashara nilipata oda ya kadi 40 za sendofu. Kadi moja 3,000, jumla 120,000. Kwangu hiyo ilikuwa kodi ya chumba ya miezi miwili. Nikakimbia Kariakoo, nikanunua manila, utepe na lulu za kubandika, na usiku ule ule nikakata karatasi zote. Asubuhi mteja akanitumia picha. Kadi ni ile ile. Maua yale yale, utepe umefungwa upande ule ule. Chini ameandika: "Dada, hii nimeipata kwa mwingine, yeye anafanya 2,500. Na wewe unaweza?"

Nilikasirika sana. Nikaanza kuandika kwamba huyo mtu ananiibia kazi. Halafu nikafuta, maana nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe ile kadi niliitoa Pinterest. Na mwenzangu bila shaka aliitoa huko huko. Wote tulikuwa tunachota kwenye kisima kimoja. Sasa ningemwambia mteja nini? Kwamba alipe zaidi kwa sababu kadi ni yangu? Haikuwa yangu. Oda ikaondoka, karatasi zilizokatwa zikabaki uvunguni. Na kianzio nilikuwa sijachukua, ila hilo ni kosa lingine, lina somo lake.

Siku ile nilielewa jambo moja. Kazi yako ikifanana na ya kila mtu, mteja anabaki na kipimo kimoja tu cha kukulinganisha na wengine, nacho ni bei. Na kwenye bei siku zote yupo mtu aliye tayari kula hasara kubwa kuliko wewe.

STAILI NI NINI HASA?

Wengi tunadhani staili ni kutengeneza kitu ambacho dunia haijawahi kukiona. Siyo. Kadi ni karatasi iliyokunjwa, hakuna atakayeigundua upya. Staili ni yale maamuzi unayoyarudia rudia, mpaka mtu akiona kazi isiyo na jina anasema, "Hii ya fulani."

Tazama kanga. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka kingo zote, mji ulio katikati, na jina, yani yale maneno yaliyoandikwa. Mpangilio ndo huo huo tangu bibi zetu, na bado kila zikitoka mpya watu wananunua. Mimi nimeugeuza mpangilio huo kuwa kipimo cha kazi zangu:

Pindo ni yale yasiyobadilika. Karatasi yako ya msingi, saizi yako, rangi zako mbili tatu, namna unavyomalizia kingo. Pindo ni lako wewe mtengenezaji.

Mji ni kile kinachobadilika kulingana na shughuli. Harusi ina mji wake, arobaini ya mtoto ina wake, mahafali yana wake.

Jina ni la mteja. Maneno yake, picha zake, utani wa familia yake. Hapo usimpangie.

Kosa langu lilikuwa kubadilisha vyote vitatu kila wiki. Leo maua ya bluu, kesho vipepeo vya dhahabu, keshokutwa nimeona mtu ameweka manyoya na mimi naweka manyoya. Mteja angenijuaje?

HATUA YA 1: TANDIKA KAZI ZAKO CHINI

Chukua kila kitu ulichowahi kutengeneza. Vilivyouzwa tumia picha zake. Vipange kwenye mkeka, kisha vigawe mafungu matatu: ulivyonakili, alivyokuelekeza mteja, na ulivyotengeneza kwa kupenda mwenyewe, bila kuagizwa.

Mimi nilikuwa na kazi 31. Fungu la tatu lilikuwa na vitu vitatu tu. Kadi mbili za marafiki, na albamu ya bibi yangu wa Pangani.

Ile albamu niliifanya kwa sababu picha za bibi zilikuwa zimesongamana kwenye mfuko wa plastiki, zimeanza kushikana. Sikuwa na hela ya karatasi za maua, nikatumia karatasi za kaki. Mgongo wa albamu niliushona kwa kipande cha kanga yake iliyochakaa. Halafu nikakaa naye, tukawa tunatazama picha moja moja, na chini ya kila picha nikaandika kwa mkono kile alichokisema yeye. Kuna moja amesimama na babu stendi, uso ameukunja. Chini nimeandika: "Hapa nimenuna. Alinichelewesha nikakosa basi."

Watu wote waliofika nyumbani waliishika ile albamu. Zile kadi zangu za lulu hakuna aliyezishika mara mbili. Na mimi nilikuwa naihesabu albamu ile kama kitu cha nyumbani, wala si bidhaa.

HATUA YA 2: ANDIKA UNACHORUDIA

Litazame fungu la tatu, jiulize: nini kinajirudia bila mimi kupanga? Kwangu yalitokea mambo matatu. Karatasi ya kaki. Kipande cha kitambaa cha kanga pembeni. Maneno ya mkono, siyo ya kuprinti.

Yako yanaweza kuwa tofauti kabisa. Labda unapenda kukata matundu na kuacha mwanga upite. Labda unakunja sana na kubandika kidogo. Labda unajua kuchekesha. Andika matatu tu, yasizidi.

Kama fungu la tatu huna kabisa, basi wiki hii mtengenezee kadi mtu unayempenda, simu iwe imezimwa. Usitazame picha ya mtu. Hapo ndo utauona mkono wako.

HATUA YA 3: JIFUNGE KWA SIKU 30

Hii ndo ngumu. Chagua karatasi moja ya msingi, rangi tatu, saizi moja, kisha usitoke humo mwezi mzima. Mimi nilichagua kaki, damu ya mzee na rangi ya maziwa.

Utasema nitawachosha wateja. Mkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa wa Tunduru, hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa shule. Alitumia vibao vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kawaida. Uchache ule wa vifaa haukumzuia, umebaki kuwa sehemu ya sura ya kazi yake. Leo mtu akiona mnyama mwenye madoa na rangi kali anasema "Tingatinga" hata kabla ya kuuliza nani kachora.

Kujifunga kuna faida mfukoni pia. Zamani nilikuwa na manila za rangi 11, kila moja imebaki nusu. Sasa nanunua chache kwa wingi, na muuzaji ananipunguzia. Saizi nayo ni moja: karatasi ya A4 naikata katikati, kila nusu naikunja, napata kadi mbili za saizi ya A6. Zinaingia kwenye bahasha ya C6 bila kulazimisha, na mabaki ya karatasi hakuna. Mkono ukishazoea saizi moja, unafanya kazi haraka na unakosea kidogo.

HATUA YA 4: STAILI IPO MKONONI PIA

Rangi nzuri na gundi imevuja, mteja anakumbuka gundi. Usafi wa kazi ni sehemu ya pindo lako. Haya niliyajifunza kwa kuharibu:

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndo unaofuata nyuzi, kunja hapo. Ukikunja kinyume, karatasi nene inapasuka kwenye mkunjo.

Kabla ya kukunja, pitisha rula na peni iliyoisha wino ili kuweka mfereji. Mkunjo unatoka umenyooka.

Gundi nyeupe ya maji inakunjamanisha karatasi nyepesi. Kwa karatasi nyepesi tumia gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili.

Kwenye albamu, kurasa za kubeba picha zisiwe karatasi ya kawaida ya gramu 80, italegea. Tafuta ya gramu 200 au zaidi. Kipande cha gazeti kitageuka njano na kukauka. Risiti za mashine na tiketi za aina ile zinafutika zenyewe, kwa hiyo toa kopi, bandika kopi. Na picha ya zamani usiimwagie gundi mgongoni, ishike kwa pembe za karatasi ili siku moja iweze kutoka. Mteja anakupa picha pekee aliyonayo ya baba yake. Ukiiharibu, hakuna hela ya kumrudishia.

HATUA YA 5: JARIBIO LA KUFICHA JINA

Baada ya siku 30, chukua picha tano za kazi zako, zichanganye na tano za watu wengine, toa majina yote. Watumie watu watatu wanaokufahamu, uwaulize zipi zako. Wakipatia nne kati ya tano, pindo lako limeanza kuonekana. Wakipatia mbili, rudi kwenye mkeka.

JE, KUTAZAMA KAZI ZA WENGINE NI VIBAYA?

Hapana, wote tumejifunza kwa mtu. Kanuni yangu ni hii: kwenye picha moja chukua uamuzi mmoja. Umependa namna alivyokunja? Chukua mkunjo. Rangi, maneno na mpangilio viache huko. Ukichukua vyote umechukua kadi ya mtu, na siku mteja akikuuliza kwa nini utepe uko kushoto, utakosa jibu.

NA HASARA ZAKE NIZISEME

Sikudanganyi. Mwezi wa kwanza niliuza kadi sita. Mteja wangu wa siku nyingi alitaka kadi za kumetameta, nikamwambia hizo sifanyi tena, akaondoka na hajarudi. Niliogopa. Kuna usiku nilizitoa zile lulu uvunguni nikazitazama.

Kilichonisaidia ni kwamba sikukata kila kitu siku moja. Kadi za michango za kuprinti niliendelea kuzifanya kwa wateja walioniomba, ila kwenye ukurasa wangu sikuzipandisha. Zile zilikuwa kazi za kula. Ukurasani niliweka kazi za pindo langu peke yake. Na wewe fanya hivyo, usiache mkate kabla ugali haujaiva.

Bei nilipandisha polepole, kutoka 3,000 hadi 4,500, kwa sababu maneno ya mkono yanachukua muda. Saa ninayokaa na mteja kwenye simu akinisimulia habari za mama yake, hiyo nayo ni kazi, na ipo kwenye bei.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe wa mtu nisiyemjua. Alikuwa kwenye arobaini ya mtoto, amepiga picha kadi iliyowekwa mezani kati ya sahani za visheti. Akaandika: "Samahani dada, hii ni yako au nimekosea? Niliona ukurasa wako zamani." Ilikuwa yangu. Na nyuma nilikuwa nimesahau kugonga muhuri wa jina langu.

Akaagiza 15. Akaomba punguzo, kama kawaida yetu. Ila hakunitumia picha ya mtu mwingine, maana hakuwa nayo.

KAZI YA NYUMBANI

Leo usiku tandika mkeka. Mafungu matatu. Usinunue kitu, usikate kitu, tazama tu lile fungu la tatu, hata kama lina kitu kimoja. Andika yale mambo yako matatu kwenye karatasi, ubandike juu ya meza yako ya kazi.

Wiki ijayo tutaongelea kianzio. Maana zile karatasi 40 bado ninazo, na kila nikifagia uvungu zinanikumbusha.