Kuvua Kwenye Mwamba Bandia Bila Kuumaliza

Mvuvi anayeshusha mshipi juu ya mwamba bandia kwa mara ya kwanza hudhani amefungua ghala. Samaki wamejaa! Lakini wengi wao hawakuzaliwa hapo. Wamehama miamba ya jirani wakifuata kivuli, mapango na chakula. Mwamba wa saruji, au meli iliyozamishwa makusudi kama MV Dania nje ya Mombasa mwaka 2002, hukusanya samaki kwanza. Kuzaliana na kukua huja baadaye sana. Ndiyo maana mwamba mpya ni rahisi kuukomba.

Kabla ya kutia nanga, waulize BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, wa eneo hilo. Kisiwani Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, wenyeji wameshusha miamba ya kutengeneza ili kurudisha matumbawe yaliyokufa. Hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ndoana. Vua nje ya mipaka yake.

Panaporuhusiwa, tumia mshipi. Wavu ukinasa kwenye chuma hautoki, na ukiachwa huko huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Chagua siku za maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua mkondo huikokota chubwi mbali na mwamba. Tia nanga mchangani, upande mkondo unakotokea, kisha legeza kamba mpaka chombo kikaribie mwamba. Maji yenyewe yatakipeleka chambo chako, kipande cha ngisi au dagaa, hadi pembeni ambako changu na chewa huvizia. Chubwi ifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi: ikikwama, uzi huo ndio utakaokatika, na ndoana utabaki nayo. Chewa akimeza, mvute juu mara moja. Akiwahi pangoni, humpati tena.

Chewa huyo namwombea huruma. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwatoa wakubwa wote katika mwamba mmoja, majike watakosa madume wa kutosha. Mimi nasema, ukishapata mkubwa mmoja, ng'oa nanga uhamie kwingine. Wadogo warudishe wakiwa hai, na ndoana ndogo mno ziache nyumbani.

Wanaotaka kujitengenezea mwamba nao wasitupe kila kikuukuu baharini. Miaka ya 1970, huko Florida, Marekani, matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa karibu na Fort Lauderdale. Vifungo vikakatika, mawimbi ya dhoruba yakayasukuma matairi hadi kwenye matumbawe hai yakayaponda, na kuyaopoa matairi hayo kumechukua miaka mingi. Kinachofaa ni saruji nzito yenye matundu, isiyosogezwa na maji. Pata kwanza kibali cha idara ya uvuvi, na uishushe mbali na njia ya vyombo.