Itazame Miguu Kwanza

Mtu wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hafundishwi kukisoma chombo. Akikuta mtumbwi umepandishwa mchangani, hutazama tumbo lake kabla hajauliza ni wa nani. Ndege nayo isome hivyo hivyo, kuanzia chini. Rangi ya mkiani itakuambia ni ya kampuni gani. Miguu itakuambia imeundwa itue wapi, na ni wapi rubani wake atakataa kuishusha.

Darasa zuri lipo uwanja wa Songea, tunakopandia ndege ya Dar tukishapita Mbamba Bay na kuimaliza milima ya Umatengo. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ikisimama, hesabu matairi: mawili puani na mawili kila upande, jumla sita. Mpangilio ni wa bajaji. Miguu mikubwa iko nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, wa pua uko mbele, hivyo rubani akikanyaga breki uzito unaenda mbele na kukuta mguu unaupokea. Ndege ya namna hii hupenda kwenda moja kwa moja yenyewe.

Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, chukua cha dirishani, katikati, chini ya bawa. Bawa la Q400 liko juu na miguu mikubwa inaning'inia kutoka kwenye injini, kwa hiyo utaona kila kitu. Muda mfupi baada ya kuruka utasikia kishindo: hakuna kilichokatika, ni miguu inakunjwa kurudi nyuma ili isikokote upepo. Mkikaribia kutua, milango midogo chini ya injini inafunguka, mguu unashuka ukielekea mbele, unanyooka na kujifunga, na mvumo wa upepo unaongezeka. Kule mbele rubani anasubiri taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Tairi likigusa lami utaona moshi, kwa sababu lilikuwa limetulia na ghafla limelazimishwa kukimbia.

Cessna 206 na Caravan hazikunji miguu. Wasafiri wengine huziona za kimaskini kwa hilo, nami sikubaliani nao. Mtambo wa kukunja una uzito, una gharama, na tope la njia ya udongo huuingia. Kwa ndege ya mwendo wa wastani inayokwenda vijijini, mguu uliosimama daima ni akili, na hakuna rubani atakayesahau kuushusha.

Zipo pia zenye gurudumu dogo chini ya mkia, kama Dakota zilizorushwa na East African Airways. Zikiwa chini hukaa pua juu, panga mbali na mawe, na ndiyo maana zilipendwa kwenye viwanja vibovu. Lakini uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo zikikimbia chini mkia hutaka kuipita pua. Umewahi kusukuma mkokoteni kinyumenyume kwenye mteremko? Rubani wa ndege hizo hapumzishi miguu yake kwenye pedali mpaka isimame kabisa.

Sasa tuseme kijiji kimeambiwa kiandae njia ya udongo kwa ndege ndogo ya wagonjwa. Ipimeni kwa futikamba, msipime kwa hatua za mzee. Tembeeni urefu wote mkigandamiza kisigino. Kikizama, tairi litazama zaidi. Fukieni mashimo, kateni nyasi, kisha pitisheni gari kwa mwendo wa kasi: abiria akigonga kichwa kwenye paa, kazi haijaisha. Fungeni kitambaa kwenye mti mrefu kando ya njia, maana ndege hutua ikiukabili upepo. Siku yenyewe wekeni watu wa kuzuia mbuzi pande zote mbili. Hata hivyo, ruhusa ya kutua hamuitoi ninyi. Ni ya rubani na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Helikopta ndogo aghalabu haina matairi. Ina mabomba mawili marefu chini, na uwanja wa shule unaitosha. Hatari yake ni upepo wa panga: anueni dagaa walioanikwa, ondoeni mabati yaliyolegea. Msiifuate kwa nyuma, kuna panga dogo mkiani ambalo likizunguka halionekani. Ikiwa imetua penye mwinuko, msiijie kutoka upande wa juu.

Mtoto wa ufukweni atauliza: ziwa lote hili, mbona zisitue majini? Zilitua. Mwaka 1949 na 1950 ndege za Solent za shirika la BOAC, zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini, zilishuka Cape Maclear, kusini mwa ziwa hilihili. Hizo tumbo lenyewe lilikuwa mashua, lenye mkato kama ngazi chini yake, maji yapate mahali pa kuachia. Tumbo laini mwanzo hadi mwisho hunaswa na maji. Maboya ya ndege ndogo nayo yana mkato huohuo. Na usidhani ziwa likilala kama kioo ndiyo raha ya rubani: hapo hawezi kukadiria yuko juu kiasi gani. Viwimbi vidogo vinamfaa zaidi.

Lakini chombo cha maji kikitolewa majini ni mlemavu. Liuli tunalijua hilo tangu tarehe 13 Agosti 1914, ilipoitwa Sphinxhafen, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo na Gwendolen ya Waingereza ikaja kuipiga mizinga. Haikuweza hata kugeuka.

Mwaka uliofuata, kwenye delta ya Rufiji, Waingereza waliitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, kwa ndege za maboya. Joto liliziharibu, na zile Sopwith za kwanza zilishindwa hata kuruka vizuri. Mwishowe zililetwa Caudron na Farman za magurudumu, zikawa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia, nazo ndizo zilizoongoza mizinga ya meli za Waingereza mwezi Julai 1915. Farman ya rubani Cull ilipigwa, ikalazimika kushuka mtoni. Ikapinduka, naye akanaswa na mkanda wake chini ya maji kabla hajajinasua.

Gurudumu huyakamata maji namna hiyo. Ndiyo maana ndege yenye maboya na matairi pamoja inataka macho mawili. Rubani wake hujisemea kwa sauti kila anapotua: hapa ni maji, magurudumu juu, hapa ni nchi kavu, magurudumu chini. Nanyi mlio ufukweni, ikianza kushuka, toeni nyavu na mitumbwi kwenye njia yake, kisha tazameni chini ya maboya. Mkiona matairi yamechomoza na yeye anakuja ziwani, msiisogelee kuipokea. Kaeni kando, mtumbwi tayari na kafi mkononi.