Mtu wa Nyika Mlangoni pa Mji

Mtu apitaye Bunju usiku, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, huona mbele ya malango vijana waliojifunga lubega nyekundu, wenye rungu na sime. Ndio Wamasai, walinzi wa nyumba. Wengi wetu twawasalimu na kupita, hatujui wametoka nchi ya namna gani. Haya basi, tujifunze.

Wengi hutoka Simanjiro na Kiteto katika Mkoa wa Manyara, tena Longido na Monduli katika Mkoa wa Arusha. Nchi hiyo si jangwa la mchanga mtupu kama Sahara. Ni nyika ya majani na miiba. Walakini mvua yake ni haba, mahali pengi kama milimita 500 kwa mwaka, hali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Wakati wa kiangazi ng'ombe mmoja aweza kunywa maji kama madebe mawili afikapo kisimani, na kisima chaweza kuwa mbali hata mifugo hunyweshwa leo, kesho isinyweshwe. Maji ya nyumbani wanawake huyaleta kwa punda. Vijana walikuwa wameanza kushuka pwani miaka ya 1990. Kisha ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi mno upande wa kaskazini, na mwenye zizi akabaki na fimbo mkononi.

Mjini hukuta nini? Watu 5,383,728, kwa hesabu ya mwaka 2022, na kila kitu ni kwa fedha. Kodi ya chumba hutakiwa mbele, mara nyingi ya miezi sita. Kwa hiyo hukaa wengi chumba kimoja, watu wa rika moja, wakichangiana. Kwao mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa akiguse, ndiyo salamu. Hapa watoto wetu humpita mtu mzima wakimwita "Masai" tu, kana kwamba baba yake hakumpa jina. Jambo hili latuhuzunisha kuliko yote tuliyoandika hapa. Boma la miiba huzuia fisi na kukusanya jamaa kadhaa ndani yake. Ukuta wa mjini, wenye vipande vya chupa juu, humtenga jirani na jirani.

Wala tusidhani kwamba shida ya maji ni ya nyika peke yake. Mtaa wa Jangwani, wenye jina la nchi kavu, ulifunikwa na mafuriko Desemba 2011, na mwaka 2012 watu wa bonde lile la Msimbazi wakapewa viwanja Mabwepande, karibu na hapa Bunju. Tena mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua, maji ya mji yakagawanywa kwa zamu. Watu wakasimama na ndoo zao, na binti wa Simanjiro asingeshangaa hata kidogo.

Mshahara wao, mdogo kama ulivyo, hutumwa nyumbani kwa simu, ukanunua mtamba au mahindi. Masika yakinyesha vema, habari huja kwa simu hiyo hiyo, na wengi hufunga safari kurudi kuchunga. Waajiri wengine hulalamika kwamba wameachwa lango wazi. Afadhali wangaliuliza mapema kama mvua imenyesha Simanjiro.