Daftari Lako Mwenyewe: Faida Anazopata Anayeandika Kila Siku

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Kila mwanachama aelewe faida anayoipata yeye mwenyewe kwa kuandika kidogo kila siku, na aanze daftari lake juma hili.

Katika vikundi vyetu vya Munje na vijiji vingine vya Msambweni, kuandika kumekuwa kazi ya mtu mmoja, yaani katibu. Mahudhurio yamo kwake, michango imo kwake, hata madeni yetu yamo kwake. Kule ufuoni nako karani wa BMU ndiye mwenye kalamu. Kazi hizo ni njema na ziendelee. Lakini tukiulizana, "Wewe binafsi umeandika nini mwaka huu juu ya maisha yako?" wengi tutabaki kutazamana tu.

Somo la leo si la vitabu vya kikundi. Ni la daftari la mtu mmoja, la kuandika siku yake ilivyokwenda: kazi, pesa, hali ya bahari au shamba, na yaliyo moyoni. Jambo hili halina dini moja. Katika Biblia nabii Habakuki aliagizwa aandike aliyoonyeshwa, tena kwa maandishi ya wazi. Nayo Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inawaagiza waumini waandike deni lenye muda wa kulipwa. Basi tukae pamoja tuangalie faida zake.

1. Unajua ukweli wa kazi yako

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mama karanga. Tuseme leo amenunua pono kilo 10 kwa shilingi 250 kila kilo, jumla 2,500. Mafuta 400, kuni 150, nauli 100. Matumizi yote ni 3,150. Jioni samaki wamekwisha, ameuza wa 3,700. Lakini akihesabu pesa mkononi anakuta 3,100 tu. Atasema, "Leo nimekula hasara ya hamsini, biashara hii mbaya!"

Sasa atazame daftari. Ameandika kuwa samaki wa 600 wamechukuliwa kwa mkopo. Kumbe faida yake ni 550, ila imelala kwa majirani. Biashara si mbaya. Kilichobaki ni kudai. Asiyeandika huenda akaacha kazi nzuri, na anayeandika anajua mlango wa kubisha hodi.

2. Unapata neno la kusema mbele ya watu

Mvuvi anayetumia nyavu za tajiri hukatwa kidogo kidogo kila akileta samaki. Mwisho wa msimu akiambiwa bado anadaiwa, atasema nini? Akisema, "Nadhani nimemaliza," neno "nadhani" halina nguvu. Lakini akifungua daftari na kusoma tarehe, kilo na pesa aliyokatwa, mazungumzo yanabadilika. Ni vivyo hivyo kwa minazi shambani, mpaka wa kiwanja, au pesa alizomkopesha ndugu yake. Daftari lako si hukumu, na mwenzako naye huenda ana lake. Hata hivyo, maneno yaliyoandikwa siku ileile ya tukio huaminika kuliko ya kukumbuka baada ya miaka mitatu.

3. Unasoma majira kwa macho yako

Sote twajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Lakini ni nani anayekumbuka siku mvua ya kwanza ya masika iliponyesha mwaka juzi? Anayeandika tarehe, upepo, mahali alipotega dema na alichopata, baada ya miaka miwili mitatu atakuwa na kitabu cha bahari yake mwenyewe. Aandike na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kwa sababu maji hufuata mwezi. Mkulima naye aandike siku aliyopanda mahindi au mihogo, na siku aliyovuna.

4. Moyo unapata nafuu

Kuna mambo hatuwezi kuyasema barazani: msiba, ugomvi wa nyumbani, hofu ya karo. Yakikaa ndani yanatunyima usingizi. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu.

Hatusemi daftari ni dawa. Mwenye maradhi aende hospitali, na mwenye huzuni nzito atafute mtu wa kumwamini. Lakini mzigo ukitua kwenye karatasi, unaweza kuuona vizuri ukajua pa kuanzia.

5. Kusoma kwako hakupati kutu

Wengi wetu tuliacha shule mapema, na wengine walijifunzia ngumbaru. Jembe lisilolimishwa hushika kutu, na herufi nazo ni hivyo hivyo. Mistari mitano kila jioni inatosha kuulainisha mkono. Baada ya mwaka hutamtafuta mtu wa kukuandikia barua ya chifu.

6. Jina lako na neno lako vinabaki

Hapa tunaye mtu wa kumkumbuka, Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, alitekwa utumwani akiwa mtoto, kisha akakombolewa na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Mwaka 1873 alikuwa katika msafara wa David Livingstone, Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua kuubeba mwili hadi pwani, na mwaka 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Watu makumi walitembea safari ile, lakini Wainwright alikuwa ameandika. Kwa kuwa alijua kuandika, ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu na kuchonga maneno kwenye mti pale walipoombolezea. Naye akawa na daftari lake la safari. Aliusindikiza mwili hadi Uingereza, na daftari lake limehifadhiwa Scotland hadi leo. Wengi wa wenzake twajua tu walikuwapo, na waliyoyaona hatuwezi kuyasikia tena kwa maneno yao. Ya Wainwright twaweza kuyasoma.

Jinsi ya kuanza

• Nunua daftari la kawaida la shule na kalamu. Usingoje kizuri zaidi.
• Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya chakula cha jioni. Robo saa yatosha.
• Anza na tarehe. Kisha andika mambo matatu: nimefanya nini, nimepata na kutumia kiasi gani, na leo nimewaza nini.
• Andika kwa lugha yako, Kidigo au Kiswahili. Usiogope makosa ya herufi, maana hakuna mwalimu atakayesahihisha.
• Ukikosa siku mbili, usikate tamaa. Endelea pale ulipofika.
• Weka daftari katika kopo lenye kifuniko, mbali na mvua, mchwa na watoto.
• Usiandike namba ya siri ya M-Pesa, wala siri ya mwenzako aliyokuamini.
• Asiyejua kuandika amwambie mtoto au mjukuu amwandikie, huku yeye akijiunga na masomo ya watu wazima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni deni au ugomvi gani kijijini ungekwisha mapema kama pande zote zingekuwa zimeandika?
2. Mfano wa mama karanga: afanye nini kesho na wateja wa mkopo?
3. Ni mambo gani yafaa kuandikwa, na ni yapi yabaki moyoni?

Kazi ya nyumbani

Andika siku 7 mfululizo. Mkutano ujao kila mmoja aje na daftari lake. Halitasomwa mbele ya watu, kwani ni lake. Aonyeshe jalada tu, kisha atwambie jambo moja alilolijua juma hili ambalo asingelijua bila kuandika. Katibu naye asisahau kuleta lake, mbali na lile la kikundi.