Viazi Vinavyonyauka: Jinsi Rangi Inavyoonyesha Njia za Maji

Ninyi wakulima wa Kibumba, mwaijua hali hii. Mvua imenyesha usiku, udongo mweusi wa volkano umelowa, lakini mchana shina moja la viazi limelegeza majani kama lililokosa maji siku kumi. Jioni huinuka kidogo. Baada ya siku chache limekufa. Wengi husema, "Ni jua." Wengine husema jirani ametia dawa. Sivyo. Na tulikate shina lenyewe, tutazame ndani.

Chukua wembe mpya, ukate shina kwa kupita kati, vipande vyembamba hata mwanga upenye. Ukivitazama hivyo kwa hadubini, yaani darubini ya vitu vidogo, utaona kidogo tu, maana karibu vyote havina rangi. Ndiyo sababu yatupasa kutia rangi.

Ifaayo ni buluu ya toluidini. Gramu 1 hutiwa katika lita 2 za maji. Kipande hulazwa humo dakika 1, kisha huoshwa kwa maji safi. Rangi hii ni ya jamii iitwayo besi: chembe zake zina umeme wa chanya, na vitu vya mmea vyenye umeme wa hasi huzivuta, kama sumaku ivutavyo msumari. Lakini havizivuti namna moja, na hapo ndipo ilipo faida. Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana, viitwavyo seli. Kuta laini za seli huwa zambarau ya kuelekea wekundu. Viini vyake huwa buluu. Na mifereji ipandishayo maji, yenye kuta ngumu kama mti, huwa buluu ya kijani. Rangi ni moja, sura ni tatu!

Sasa linganisha. Katika shina zima mifereji ni mitupu kama mianzi iliyokatwa. Katika shina lililonyauka, mingi imejaa utelezi na vijidudu vilivyoshika rangi. Maji yamo udongoni, ila hayana njia ya kupanda. Kijidudu hicho kilielezwa na Erwin Smith wa Marekani mwaka 1896. Leo chaitwa Ralstonia. Rangi peke yake haitaji jina hilo, kwa kuwa hupaka vijidudu vya namna nyingi. Jina hujulikana kwa vipimo vingine.

Wewe huna hadubini? Chukua gilasi ya maji safi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize, ncha yake iguse maji, wala usitikise. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio ugonjwa huo.

Dawa ya kuuponya hakuna. Ng'oa shina, viazi vyake na udongo ulioshikamana, usivitupe penye samadi. Misimu kadhaa usipande hapo viazi, nyanya, biringanya, pilipili wala tumbako, panda mahindi.

Hatari kubwa imo katika mbegu. Huku chini ya Mikeno kuna baridi, na baridi huficha ugonjwa: kiazi huonekana kizima, kumbe kimebeba. Ukimpelekea ndugu yako aliye machimboni, nchi ya joto, gunia la mbegu hiyo, shamba lake laweza kunyauka, nawe utaitwa mchawi. Basi likinyauka hata shina moja, usichague mbegu katika shamba hilo. Viazi vyake vizima vile, na maganda yasirudi shambani.