Uhalisia Pepe Darasani: Tuanze na Tendo, si Chombo

Mwalimu anayeandaa somo la uhalisia pepe hana budi kujiuliza mapema: ikiwa wanafunzi hawana vyombo vya namna moja, nani atajifunza na nani atabaki mtazamaji? Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba jibu hutokana na andalio la somo.

Uhalisia pepe humweka mwanafunzi ndani ya mandhari iliyoundwa na kompyuta. Uhalisia ulioongezwa humwachia mazingira yake halisi na kuyatia picha za ziada. Vyombo vya kutazamia havina uwezo sawa. Kofia kamili hufuata kichwa kinapogeuka na mwili unapotembea. Simu iliyotiwa katika kasha la kadibodi hufuata kugeuka kwa kichwa tu. Hivyo basi, somo linalomtaka kila mtoto akizunguke kitu kwa miguu limekwisha kumwacha nje mwenye simu.

Kanuni ya kwanza ni kuandika tendo, si chombo. Andalio lisiseme, "Mwanafunzi abonyeze kitufe," bali, "Mwanafunzi achague mji." Mmoja atachagua kwa kuelekeza mkono, mwingine kwa kugusa kioo, mwingine kwa kipanya. Kipimo cha pamoja kiitwacho OpenXR, kilichotolewa na Khronos mwaka 2019, hufuata njia hiyo: programu hutaja tendo, na tendo hilo huunganishwa na vitufe vya kila chombo.

Kanuni ya pili ni kumpa kila mmoja kazi ambayo wenzake wanaihitaji. Tuchukue somo la mchana na usiku. Mwenye simu alizungusha tufe la dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwenye kompyuta aweke bendera Dar es Salaam na Kigoma. Mwenye kofia aeleze bendera ipi imepata mwanga kwanza. Kisha wote wakokotoe. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi 1 kwa dakika 4. Miji hiyo imetengana kwa karibu nyuzi 10 za longitudo; kwa hiyo jua hutangulia Dar es Salaam kwa dakika 40 hivi. Baadaye wabadilishane kazi, ili kofia isiwe cheo cha mtoto mmoja.

Kanuni ya tatu ni kutotegemea mlango mmoja. Mwaka 2018 Mozilla ilianzisha Hubs, vyumba vya pamoja vilivyofunguka katika kivinjari cha simu, kompyuta au kofia. Mwezi Mei 2024 ilifunga huduma hiyo, ingawa programu yenyewe ilibaki wazi kwa wengine kuiendesha. Mwalimu na ahifadhi nakala za maumbo yake katika muundo ulio wazi, kama glTF.

Mwisho, somo lijaribiwe kwanza kwa chombo dhaifu kuliko vyote, na kabla ya hapo kwa chungwa na tochi. Likishindikana kwa chungwa, kasoro imo katika lengo la somo, wala kofia haitaiponya.

Zoezi: Chagua mada moja ya darasa la nne. Orodhesha matendo matatu ya mwanafunzi, na kwa kila tendo onyesha njia mbili za kulitekeleza.